Sanduku la Taa Kwenye Kiti cha Mama

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako na naomba pia usinicheke, maana wanaokuandikia huwa wamekosa kitu na wanalia, mimi nimekosa kitu na nimefurahi, na hiyo furaha ndiyo inayoninyima raha. Kampuni yetu changa imenyimwa mtaji tulioutafuta miaka miwili, jibu lilikuja Jumanne, wifi yangu akalisoma mara mbili, akakaa chini, akalia, nami nikamshika bega nikasema pole wifi, pole sana, na huku moyoni nimeshusha pumzi kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Sasa niambie, mimi ni mtu wa namna gani?

Nianze mwanzo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, kazi yangu ni kuchomelea vyuma, milango, madirisha, vitanda, nilifundishwa na marehemu baba na karakana ni ileile yake, chumba kimoja chenye mlango wa bati nyuma ya duka la rangi. Mama yangu alipatwa na kiharusi miaka mitatu iliyopita, upande wa kushoto ukalegea, lakini akili na ulimi vikabaki vizima, tena ulimi ukaongezeka. Alichoshindwa ni kuinuka. Akishasimama anatembea vizuri na fimbo yake, ila kutoka kitini mpaka kusimama ilikuwa lazima mtu amshike makwapani amvute, na mama ni mtu wa haya, alikuwa anaona aibu kuniita kila saa, basi nikakaa nikafikiri, nikachukua springi mbili za pikipiki iliyokufa nikamtengenezea kiti. Sehemu ya kukalia imefungwa bawaba kwa mbele, ukivuta komeo la pembeni springi zinakusukuma taratibu kutoka nyuma mpaka unajikuta umesimama. Hakina umeme wala nini. Kitu kimoja tu ni lazima: ukipime na uzito wa mtu, kwa hiyo chini pembeni kuna bamba lenye matundu saba na boliti, mtu mwepesi tundu la chini, mtu mzito tundu la juu, ukikosea ama kinagoma ama kinakurusha. Mama ni tundu la nne. Siku ya kwanza alipoinuka mwenyewe alikwenda chooni, akarudi, akakaa, akainuka tena akaenda tena, nikamwuliza mama, tumbo linakusumbua? Akanijibu, "Hapana. Naenda kwa sababu naweza."

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, alikuwa anafanya kazi benki, pale dirishani. Alikiona hicho kiti akakizunguka mara tatu akasema, "Wifi, hii siyo fanicha. Hii ni kampuni." Na kweli mtaalamu wa viungo anayemfanyisha mama mazoezi hospitalini alikuwa keshaanza kututumia watu, huyu ana baba, yule ana bibi, wote wanataka kiti. Wifi akaacha kazi. Sikumwambia aache, lakini sikumwambia asiache, na hilo nalo naliweka hapa ulione. Akatuandikisha, akatuchongea mhuri, mimi fundi, yeye msemaji, tukaanza kutafuta mtaji wa kununua vyuma na springi mpya na kuajiri mtu mmoja, na hapo ndipo tulipopotea.

Mshauri, mimi nilidhani kazi ngumu ni kubuni kitu. Kumbe hiyo ndiyo rahisi! Benki walitaka hati ya nyumba na hesabu za miaka miwili, wakati kampuni ina miezi miwili na nyumba ni ya kupanga, tena aliyetujibu ni yule aliyekuwa anakaa dirisha la pili kutoka kwa wifi. Wale wa ruzuku wakasema wanasaidia watu wenye wazo tu, nyinyi mna kiti tayari, mmeshapita hatua yetu. Wawekezaji wakauliza mna wateja mia? Rudini mkiwa nao mia, na sisi tulikuwa tunaomba pesa ili tuwatengenezee hao mia. Kwa huyu tulikuwa wachanga mno, kwa yule tulikuwa wakubwa mno, na kote nauli ni yetu. Tukaingia mashindano ya wabunifu, tukashinda mawili, tukapewa vyeti na fulana na kupigwa picha tumeshika hundi ya kadibodi yenye urefu kama mlango, lakini hundi yenyewe ilikuwa ya mafunzo, siyo ya pesa. Nina vyeti tisa ukutani, na karakana haina chuma.

Na kila fomu ilikuwa na swali lake, na kila swali lilikuwa linakivuta kiti upande. Teknolojia iko wapi? Inatumia nishati gani? Inakusanya taarifa gani? Wifi alikuwa anajaza usiku na mchana, akafika mahali akaniambia kwa sauti ya kuchoka, "Wifi, weka japo taa." Basi nikaweka. Nikakata bati, nikatengeneza sanduku jeupe zuri, taa tatu mbele, ndani betri za tochi na hewa. Kwenye fomu ya mfadhili huyu wa mwisho, ambaye ndiye mkubwa kuliko wote, tuliandika kwamba kiti kina akili, kinajua mgonjwa ameinuka saa ngapi na kinamtumia daktari ujumbe kwenye simu, na kwamba tukipewa mtaji tutatoa viti mia tatu vya namna hiyo kwa miezi sita. Wifi alisema pesa zikija tutamtafuta mtu wa kompyuta atie hiyo akili. Mimi nilikubali kwa kichwa, kwa mdomo sikusema kitu.

Springi zilikuwa zimetuishia na pesa ya springi ilikwenda kwenye nauli na kurasa za kuchapisha, kwa hiyo kiti cha kupeleka kuonyeshwa kilikuwa kimoja tu, cha mama. Tulimwambia kinakwenda kupakwa rangi, siku tatu. Wiki tatu kiko karakana tunakipamba, na sanduku mahali pekee lilipokaa vizuri ni chini pembeni, juu ya lile bamba la matundu, nikaona sawa, kwani nani atalihitaji.

Siku yenyewe tuliingia kwenye chumba chenye meza ndefu ya kioo na zulia zito. Mtathmini alikuwa mzee mmoja mnene, mpole, mwenye miwani. Kiti tulikipima kwa uzito wa wifi, tundu la pili, kwa sababu yeye ndiye angekaa kuonyesha. Ile tumefika, waya wa kuunganisha kompyuta na skrini ya ukutani haupatikani, wifi akatoka na katibu kwenda kuutafuta ghorofa ya chini, na yule mzee akasema kwa upole tu, "Naomba nijaribu mwenyewe."

Akakaa. Akavuta komeo. Kiti kikaguna, kikagoma. Akavuta tena, kikaguna tena, naye akashika mikono ya kiti akajaribu kujisukuma na magoti hayakutaka. Sisi tulikuwa tumeshapanga kwamba kikikwama chochote tutasema mtandao unasumbua, na hayo maneno yalikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu kabisa, lakini nikamtazama usoni nikaona uso wa mama, ule uso wa mtu anayejikaza ili asikuombe. Spana na bisibisi huwa havitoki kwenye mkoba wangu. Nikapiga magoti kwenye zulia lao, nikafungua skrubu nne za sanduku ili nilifikie bamba, sanduku likafunguka, betri za tochi zikaviringika mpaka kwenye kiatu chake.

Akaziangalia. "Hili sanduku kazi yake nini?"

"Halina kazi, mzee. Ni la kuonyesha."

"Na kinachoinua?"

"Springi za pikipiki."

Nikahamisha boliti mpaka tundu la saba, akavuta komeo, akainuka polepole mpaka akasimama wima, akacheka kama mtoto, akasema, "Rudia." Tulirudia mara tatu. Nakuapia mshauri, kwa dakika hizo nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu siku ile mama alipokwenda chooni mara mbili.

Kisha nikasikia viatu vya wifi kwenye korido. Na hapa sijui shetani gani aliniingia. Niliokota betri, nikazirudisha, nikalifunga sanduku mahali pake, skrubu zote nne, haraka haraka, na yule mzee amesimama ananitazama nikifanya hivyo. Wifi akaingia na waya wake anahema, akasimama, hata kitini hakukaa, akaongea dakika kumi kuhusu sanduku. Alilionyesha kwa kidole, taa ya kwanza hii, taa ya pili hii. Mzee akamtazama yeye, akanitazama mimi, akatazama zulia.

Barua ya Jumanne ilikuwa na mistari mitatu, kwa sasa hatutaendelea nanyi, tunawatakia mafanikio. Wifi anaamini ni yeye aliyeharibu. Kila siku ananiuliza, "Wifi, niliongea haraka sana? Au ni ile suruali?" Nami namwambia hapana, uliongea vizuri. Sasa kapata fomu nyingine, mwisho wa kuituma ni mwisho wa mwezi, anajaza huku macho yamevimba, na mimi nala vizuri, nalala kama gogo, nachomelea huku napiga mluzi, kwa sababu sidaiwi tena na mtu yeyote viti mia tatu vyenye akili ambavyo sijui kuvitengeneza. Kila asubuhi namwinua mama kwa makwapa kama zamani, ananiuliza, "Hiyo rangi bado haijakauka tu?" Siku hizi hata hasumbui sana, amepunguza maji ya kunywa, anasema hana kiu.

Naomba unijibu mambo mawili. Furaha hii ni usaliti? Na wifi nimwambie, au ninyamaze yapite? Aliacha kazi kwa ajili ya mikono yangu. Akijua ataondoka, na sisi ni familia ndogo, hatuna wifi wa akiba.

Ni mimi,
Fundi wa Tundu la Nne

*

Fundi wa Tundu la Nne,

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama jikoni, nikavuta kiti cha kawaida kisicho na springi, nikakaa, nikaisoma tena. Umeniuliza maswali mawili. Mimi nina langu, na langu linatangulia.

Kiti cha mama kiko wapi?

Nimehesabu kwa vidole. Wiki tatu za kukipamba, siku ya maonyesho, kusubiri jibu, Jumanne. Umeandika kurasa nne, umenieleza mpaka rangi ya sanduku, na hakuna mstari hata mmoja unaosema kiti kimerudi nyumbani. Unaniambia mama "hasumbui sana" na "hana kiu". Mwanangu, mimi nilimuuguza mume wangu miezi minne. Mgonjwa asiyeweza kuinuka akianza kusema hana kiu, anachokosa siyo kiu. Anajipangia asiende chooni ili asikuite. Mama yako anajikausha ili asikusumbue, na wewe unapiga mluzi karakanani, hatua mbili kutoka kwenye kiti chake! Nilitamani niwe karibu nikufinye sikio.

Basi weka barua hii chini. Ng'oa hilo sanduku, rudisha boliti tundu la nne kabla mama hajakalia, maana mara ya mwisho ulikiacha kwa uzito wa mzee mnene na sitaki kusikia mama karushwa mpaka kwenye kabati. Kipeleke leo. Ukifika, mwambie ukweli kuhusu rangi. Ataongea sana, umesema ulimi uliongezeka. Msikilize mpaka mwisho.

Sasa tuje kwenye furaha yako. Siyo usaliti. Ulikuwa umejifunga kutoa vitu mia tatu visivyokuwepo duniani, kwa pesa ya mtu mwingine, na umeponea chupuchupu. Mtu aliyeponea akishusha pumzi simlaumu. Kama pesa zile zingekuja, leo usingeniandikia mimi, ungekuwa unamwandikia wakili. Furahi, kula, lala. Mwili wako umeelewa jambo ambalo kichwa chako kinaona aibu kulikubali: hukuwahi kuutaka mtaji ule kwa masharti yale.

Lakini usijifiche nyuma ya furaha. Kinachokuuma siyo kwamba umefurahi, na wala siyo kwamba ulifungua sanduku. Kulifungua lilikuwa jambo jema kuliko yote mliyofanya kwa miaka miwili. Kinachokuuma ni zile skrubu nne ulizozirudisha. Ulimwacha mwenzako asimame mbele ya mtu aliyekwisha kuziona betri, akaongea dakika kumi, na mpaka leo unamwacha ajilaumu kwa suruali. Suruali, jamani! Hapo ulimkosea, na unajua ulimkosea, ndiyo maana ukaniandikia mimi badala ya kumwambia yeye.

Mwambie. Siyo kwa simu na siyo mbele ya kaka yako, ambaye atatia maneno. Mwite karakanani, mfungulie sanduku mkononi, anza na betri na maliza na skrubu. Usimwambie "nilifanya kwa ajili yetu", kwa sababu hukufanya kwa ajili yenu, ulifanya kwa ajili ya magoti ya yule mzee, na hilo linatosha. Akinyamaza, nyamaza naye. Akikupigia kelele, ni haki yake. Akiondoka, utakuwa umempoteza kwa ukweli, lakini sidhani kama ataondoka. Mtu aliyejaza fomu mpaka macho yakavimba huwa naye ana la kusema kuhusu hizo fomu, hajapata wa kumwambia.

Kuhusu mtaji, sitakudanganya kwamba ukisema kweli milango itafunguka. Haitafunguka yote. Ulichoeleza si ujinga wenu peke yenu, kipo na kinawachosha wengi: wa wazo hataki wenye kitu, wa mkopo hataki wasio na nyumba, mwekezaji anataka kuona wateja mia ambao pesa yake ndiyo ingewapata. Mnabaki katikati, na hapo katikati ndipo watu wanapoanza kubandika taa. Nawaonea huruma. Ila nikuulize, wale watu wa mtaalamu wa viungo, mwenye baba na mwenye bibi, wako wapi? Miaka miwili mmewafukuzia wenye meza za kioo, na watu waliokuja kwa miguu yao kuomba kiti mmewaacha mlangoni.

Anza nao. Usiwauzie, wakodishie. Mgonjwa wa aina hii mara nyingi anahitaji kiti miezi sita, mwaka. Ama anapata nafuu, ama, tuseme tu, hapati, na familia haitaki kubaki nacho. Kiti kinarudi kwako, unabadilisha tundu, kinakwenda kwa mwingine. Familia nne zikilipa miezi miwili mbele una springi za viti vinne, na hakuna aliyekuuliza kinakusanya taarifa gani. Mwombe mtaalamu wa viungo akuandikie kwa mkono wake, kwa mhuri wa idara yake, nani amekaa na nani ameinuka. Hiyo karatasi moja ina uzito kuliko vyeti vyako tisa, ambavyo nashauri uvishushe ukutani upate mahali pa kutundika zana.

Fomu msiziache, ila mjiwekee sheria. Fomu inayouliza mmetengeneza vingapi na vimesaidia nani, wifi aijaze kwa herufi kubwa. Fomu inayotaka kiti kiwe kitu kingine, itumieni kuwashia jiko. Ile ya mwisho wa mwezi isomeni tena kwa jicho hilo kabla hamjaituma.

Na yule mzee mpigie. Usimwombe pesa. Mwombe radhi kwa skrubu nne, kisha mwulize angehitaji kuona nini ili akae kitako na nyinyi siku nyingine. Mtu aliyerudia mara tatu hajakisahau kiti. Asipopokea simu, umeomba radhi na umeendelea na kazi.

La mwisho ni la wewe na wifi yako. Andikianeni. Nani ana fungu gani, nani analipwa nini na lini, na kama akitaka kurudi kazini nusu siku mpaka viti vianze kulipa, iandikwe kwamba hajawaacha. Kazi ya mshahara haimwondolei mtu ubia. Wewe sema kwa mdomo safari hii, usikubali kwa kichwa.

Kiti kwanza. Leo.

*

Huwa situmi jibu kwa mtu kabla ya gazeti kutoka, lakini kukiwa na mgonjwa ndani ya barua navunja utaratibu wangu. Hili nililituma Alhamisi asubuhi. Ijumaa nikapata huu ujumbe, na mwenyewe ameniruhusu niuchape.

"Mshauri, nimefinywa sikio kutoka mbali. Kiti kimerudi jana ileile, wifi ndiye aliyenisaidia kukibeba, maana nilimwita karakanani kama ulivyosema na nikamfungulia sanduku. Nilimwambia yote mpaka skrubu. Alichukua betri moja akaigeuza mkononi. Kisha akasema, 'Kwa hiyo ndiyo maana yule mzee alikuwa ananitazama vile? Mimi nilidhani amenipenda.' Tukacheka mpaka muuza rangi akaja kuchungulia. Halafu akalia, akanipiga na kitambaa cha kufutia mafuta, akaniambia kwamba tangu tutume ile fomu hakuwahi kulala, na siku ya Jumanne alilia kwa sababu alipoisoma alijisikia nafuu, akaona haya mbele yangu. Miaka miwili, mshauri, kila mmoja alikuwa anamwogopa mwenzake! Wiki ijayo anakwenda kumwona meneja wake wa zamani kuhusu nusu siku, na fomu ya mwisho wa mwezi ameichana mwenyewe kabla sijamsomea sheria yako. Mzee sijampigia bado, nitampigia Jumatatu, najipa moyo.

Mama tulimwambia kuhusu rangi. Ametusema sisi sote wawili, akamsema na kaka ambaye hakuwepo, nasi tumepiga magoti tunasikiliza. Alipomaliza nikahakikisha boliti, tundu la nne, akakaa, akavuta komeo, akainuka. Alikwenda mpaka dirishani akasimama hapo kidogo, akarudi, akakaa. Halafu akamtuma wifi maji. Alikunywa glasi nzima bila kushusha, akampa glasi akamwambia aijaze tena."